Amplifaya ya gitaa nyumbani: Ya kale ni dhahabu, au kipya kinyemi?

KIPYA kinyemi ingawa kidonda, walinena wahenga. Lakini ni wahenga hao hao waliotuusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Mpiga gitaa anayetafuta amplifaya ya kufanyia mazoezi nyumbani hujikuta amesimama baina ya methali hizi mbili, asijue aifuate ipi.

Miaka kadhaa iliyopita, mpwa wangu alibisha hodi jioni moja akiwa amebeba sanduku zito lililofunikwa kwa gunia.

"Mjomba, nimepata dhahabu," akaniambia hata kabla ya kuketi.

Ilikuwa amplifaya ndogo ya Marekani, kongwe kuliko babake. Aliyemuuzia alimwapia kuwa sauti yake haina kifani, na kwamba kilichosalia ni kuchomeka tu. Plagi yake ilikuwa na meno mawili bapa. Fyuzi ilikuwa imefungwa karatasi ing'aayo ya pakiti ya sigara.

Aliichomeka kwa kutumia adapta ya kubadilisha umbo la plagi. Taa iliwaka kwa mng'ao ambao haukuwa wa kawaida, kisha ukasikika mlio, ukafuka moshi, na nyumba nzima ikawa giza. Akiba ya miezi minane ikateketea kwa muda usiozidi dakika moja.

Kilichoungua siku hiyo kilikuwa transfoma. Kingeweza kuwa yeye.

Makala haya yanakusudia kumsaidia msomaji aliye katika njia panda kama ile ya kijana huyo. Hayamkatazi mtu kununua ya zamani, wala hayamsifii mwenye duka la vitu vipya. Yanaeleza tu kila moja ina nini, inadai nini, na inamfaa nani.

AMPLIFAYA HUFANYA KAZI GANI?

Gitaa la umeme likipigwa bila amplifaya husikika kwa shida hata na aliyeketi upande wa pili wa meza. Chini ya nyuzi zake kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba. Uzi unapotetema, huzalisha umeme mdogo mno katika waya huo.

Amplifaya huupokea umeme huo na kuukuza kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza huupa umbo na ladha: besi, sauti ya kati na sauti nyembamba. Awamu ya pili huupa nguvu za kuisukuma spika.

Kwa hivyo, katika gitaa la umeme, amplifaya ni nusu ya ala yenyewe wala si kifaa cha kuongeza sauti tu. Gitaa lile lile likichomekwa katika amplifaya mbili tofauti huweza kusikika kama magitaa mawili.

Kinachotenganisha amplifaya za kale na nyingi za kisasa ni kile kinachofanya kazi hiyo ya kukuza. Za kale hutumia vali, zile chupa za kioo zinazong'aa kama makaa ndani ya redio za enzi ya babu zetu. Mmarekani Lee de Forest ndiye aliyebuni vali ya kukuza umeme, mwaka 1906.

Transista ilizaliwa katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1947, na kufikia miaka ya 1960 ilikuwa imeanza kuingia katika amplifaya za gitaa. Aina ya tatu ni ya dijitali, ambamo kompyuta ndogo huiga tabia ya amplifaya nyingine. Kampuni ya Line 6 ya Marekani iliieneza mbinu hii, hasa ilipotoa kifaa chake kiitwacho POD mwaka 1998.

Vali inapozidiwa nguvu haikati sauti ghafla. Huibana polepole na kuitia mkwaruzo laini ambao sikio huuona mtamu. Transista ya kawaida ikizidiwa hukata ncha za sauti kwa ukali. Hii ndiyo asili ya mapenzi ambayo wapiga gitaa wengi wanayo kwa vali hadi leo.

MAJINA YALIYOJENGA SIFA

Mtu anapotaja amplifaya ya kale, aghalabu anazungumzia viwanda vichache vya Marekani na Uingereza vya kati ya miaka ya 1950 na 1970.

Huko California, Leo Fender aliunda amplifaya ambazo bado ndizo kipimo cha sauti safi. Aliiuza kampuni yake kwa shirika la CBS mwaka 1965, na tangu hapo wakusanyaji hutofautisha kati ya zilizoundwa kabla ya mauzo hayo na za baadaye. Za kabla huuzwa kwa bei ya juu mno.

Ndogo yao iliitwa Champ. Ilikuwa na vali tatu tu na ilitoa takriban wati tano. Kaka zake wakubwa walikuwa Deluxe Reverb yenye wati 22, na Twin Reverb yenye wati 85.

Nchini Uingereza, Vox ya mjini Dartford ilitoa AC15 na kisha AC30 mwishoni mwa miaka ya 1950. AC30 ndiyo iliyotumiwa na The Beatles, na ina uzani wa zaidi ya kilo 30. Naye Jim Marshall, aliyekuwa na duka la ala za muziki jijini London, alianza kuuza JTM45 mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mchoro wake uliigwa kutoka kwa amplifaya ya Fender iitwayo Bassman.

Msomaji asisahau kuwa nyingi ya hizi zilikusudiwa kumbi za dansi na majukwaa, si chumba cha kulala. Hapo ndipo penye kiini cha mjadala wetu.

WATI NA SIKIO LA JIRANI

Wanunuzi wengi hudhani kuwa amplifaya ya wati 50 husikika mara kumi zaidi ya ile ya wati tano. Sivyo. Sikio la binadamu halihesabu hivyo.

Ukizidisha wati mara kumi, sauti hupanda kwa desibeli kumi, na sikio huisikia kama imeongezeka maradufu tu. Ukizidisha wati mara mbili, yaani kutoka 15 hadi 30, ongezeko ni desibeli tatu, tofauti ambayo si kubwa.

Spika ya gitaa ya inchi 12 hutoa kati ya desibeli 95 na 100 kwa umbali wa mita moja, inapopewa wati moja pekee. Kwa spika ya desibeli 97, wati tano hufikisha takriban 104.

Taasisi ya Marekani ya afya ya wafanyakazi, NIOSH, inapendekeza mtu asikae katika desibeli 85 kwa zaidi ya saa nane kwa siku, na kwamba muda huo upunguzwe kwa nusu kila desibeli tatu zinapoongezeka. Kwa hesabu hiyo, desibeli 97 ni za nusu saa. Desibeli 104 ni za dakika sita hivi.

Kwa ufupi, hata Champ ndogo ya wati tano, ikifunguliwa mpaka mwisho, ni kubwa kupita kiasi kwa chumba kimoja cha kupanga. Na mkwaruzo mtamu wa vali unaosifiwa hupatikana hasa inapofunguliwa karibu na mwisho.

Sheria nayo ina neno. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira nchini Kenya, zinaweka kikomo cha desibeli 50 mchana na 35 usiku nje ya nyumba katika mitaa ya makazi. Usiku kwa mujibu wa kanuni hizo huanza saa mbili.

Mtu anayerejea kutoka kazini saa moja jioni ana saa moja tu ya kupiga gitaa kabla usiku wa kisheria haujaingia. Anayeishi katika nyumba za ghorofa, ambako ukuta mmoja hutenganisha familia mbili, hahitaji hata kusoma kanuni. Mwenye nyumba atamkumbusha.

KWA NINI WATU HUPENDA ZA KALE

Hata hivyo, haifai kuwakejeli wapenzi wa amplifaya za zamani. Wana hoja nne nzito.

Mosi, ni sauti. Amplifaya ndogo ya vali hujibu mkono wa mpigaji. Akigusa nyuzi taratibu, sauti huwa safi. Akizikaza, huanza kunguruma. Anayejifunza kwayo hufunzwa nidhamu ya vidole, kwa kuwa kila kosa husikika.

Pili, hurekebishika. Ndani ya nyingi utakuta nyaya zilizolehemiwa kwa mkono na vipuri vinavyoonekana kwa macho. Fundi wa redio mwenye ujuzi wa vali anaweza kubadilisha kipuri kimoja bila kugusa kingine, na michoro ya amplifaya mashuhuri inapatikana kwa urahisi.

Tatu, ni urahisi wa matumizi. Champ za kwanza zilikuwa na kidhibiti kimoja cha sauti na basi. Hakuna menyu, hakuna programu ya simu, hakuna cha kumpotezea mtu nusu saa kabla hajaanza kupiga.

Nne, ni thamani. Amplifaya mashuhuri iliyotunzwa haipotezi bei kama mpya inavyopoteza. Lakini hoja hii ina sharti: iwe mashuhuri kweli, na iwe na vipuri vyake vikuu vya asili. Si kila kilichozeeka ni dhahabu. Kingine ni chuma chakavu.

UMEME: SUALA LA UHAI NA MAUTI

Hapa pana jambo ambalo muuzaji hulitaja kwa nadra. Amplifaya ya vali huwa na voliti 300 hadi 500 ndani yake. Kapasita zake kubwa huweza kuhifadhi umeme huo hata baada ya kuzimwa na kuchomolewa. Asiye fundi asiifungue.

Tatizo la kwanza kwetu ni voliti za ukutani. Umeme wa Kenya ni voliti 240, ilhali wa Marekani ni 120. Transfoma iliyoundwa kwa voliti 120 ikipewa 240, kila kitu ndani hupata maradufu. Vali iliyopaswa kupashwa moto kwa voliti 6.3 hupata karibu 12.6. Ndiyo maana taa ya mpwa wangu iling'aa vile kabla ya kuzimika milele.

Adapta ya kubadilisha umbo la plagi haipunguzi voliti hata moja. Kinachohitajika ni transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo unaozidi mahitaji ya amplifaya. Usihesabu wati za spika. Soma bamba la nyuma linaloonyesha umeme unaoliwa, kwani amplifaya ya vali hula umeme mwingi kuliko inaoutoa kwa njia ya sauti.

Isitoshe, umeme wa Marekani hupiga mizunguko 60 kwa sekunde, nao wetu mizunguko 50. Transfoma iliyokusudiwa 60 hupata joto zaidi hapa kwetu. Zilizoundwa kwa soko la nje, na nyingi za Uingereza, zina swichi ya kuchagua voliti. Kwa mnunuzi wa Kenya, hiyo ni sababu tosha ya kuitazama Uingereza kabla ya Marekani.

Tatizo la pili ni plagi ya meno mawili. Amplifaya nyingi za Marekani za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 hazina waya wa tatu unaoiunganisha na ardhi. Badala yake zina kapasita moja kati ya waya wa umeme na bati la ndani. Kapasita hiyo ikiharibika, bati hupata umeme, na bati limeungana na nyuzi za gitaa. Mpigaji akishika nyuzi huku akigusa kitu kingine kilichoungana na ardhi, anaweza kufa. Mafundi huko ng'ambo huiita kapasita ya kifo.

Dawa yake si ghali: fundi huiondoa kapasita hiyo na kufunga waya wa nyuzi tatu wenye ardhi. Asikudanganye mtu kuwa ukarabati huo unashusha thamani. Maiti haina haja ya thamani. Vilevile, hakikisha kuwa transfoma ya kushusha umeme unayotumia inapitisha waya huo wa ardhi, na kwamba soketi ya ukutani ina ardhi kweli.

Tatizo la tatu ni baya zaidi. Baadhi ya amplifaya ndogo za bei nafuu za Marekani za miaka ya 1940 hadi 1960 hazikuwa na transfoma ya umeme kabisa. Umeme wa ukutani uliingia moja kwa moja. Utazitambua kwa namba za vali zake: ukiona 50C5, 50L6, 35W4 au 35Z5, rudi nyuma. Tarakimu za mwanzo huonyesha voliti za kupashia vali moto, nazo zilipangwa ili jumla yake ikaribie umeme wa ukutani wa Marekani. Hii si ya kuchezewa na mwanafunzi wala ya kununuliwa kwa sababu ni rahisi.

UKIKUTANA NA YA KALE

Iwapo moyo bado unaitaka, basi usiende peke yako. Nenda na fundi, umlipe siku yake. Fuata hatua hizi.

Kwanza, ikague kabla ya kuichomeka. Soma voliti kwenye bamba la nyuma. Hesabu meno ya plagi. Tazama fyuzi: iwe ya kiwango kilichoandikwa, si waya wala karatasi ya sigara. Nusa, transfoma iliyowahi kuungua huacha harufu kali isiyotoka upesi.

Pili, amplifaya ya vali isiwashwe kamwe bila spika kuunganishwa. Kufanya hivyo huweza kuunguza transfoma ya kutolea sauti, ambayo ni miongoni mwa vipuri ghali zaidi.

Tatu, iliyolala miaka mingi isipewe umeme wote kwa ghafla. Mafundi wetu wengi wa redio wanajua mbinu ya kuunganisha balbu ya zamani ya waya mwembamba kwa mfululizo na kifaa kinachopimwa. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna hitilafu. Ikiwaka kisha ikafifia, kuna matumaini.

Nne, ikiwa imewaka, punguza sauti hadi sufuri na usikilize. Mvumo mzito usiokoma huashiria kapasita zilizokauka. Nyingi hudumu miaka 15 hadi 20 tu, kwa hivyo amplifaya ya mwaka 1965 ambayo kapasita zake hazijawahi kubadilishwa haijatunzwa, imebahatika. Ongeza gharama hiyo katika bei unayopewa.

Tano, zungusha vidhibiti vyote. Vikikwaruza, huenda ni uchafu tu unaosafishika. Gonga kila vali taratibu kwa penseli ya mbao. Ikilia kama kengele katika spika, imechoka. Kisha tazama kama karatasi ya spika imechanika.

Sita, uliza vali zitatoka wapi. Leo hii vali za gitaa huundwa katika viwanda vichache, hasa nchini Urusi, Slovakia na Uchina. Mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kupamba moto, uuzaji wa vali za Urusi nje ya nchi ulitatizika na bei ikapanda kote duniani. Anayeishi Nairobi, Kisumu au Mombasa hutegemea kuagizia, akalipa usafiri na ushuru. Anunue seti ya akiba mapema.

MPYA ZINA NINI?

Amplifaya mpya za nyumbani zimegawika katika makundi manne.

Kundi la kwanza ni za vali zenye nguvu ndogo, za wati moja hadi tano, na nyingine zenye swichi ya kupunguza nguvu. Hizi humpa mpigaji mguso wa vali pamoja na usalama wa kisasa: waya wa ardhi, fyuzi sahihi, na toleo la voliti 230 au 240.

Kundi la pili ni za transista. Hazina vali za kubadilisha, ni nyepesi, na hustahimili kubebwa. Hazistahili dharau. Roland ya Japani ilitoa JC-120 mwaka 1975, amplifaya ya transista ambayo imeheshimiwa na wataalamu kwa miongo kadhaa kwa sababu ya sauti yake safi kama maji ya mtungi. Kuna ndugu zake wadogo kwa matumizi ya nyumbani.

Kundi la tatu ni za dijitali. Yamaha ilitoa THR10 mwaka 2011 kwa ajili ya mezani, na inaweza kutumia betri. Boss ilileta Katana mwaka 2016, ambayo toleo lake la wati 50 linaweza kupunguzwa hadi nusu wati. Fender yenyewe, iliyojenga sifa kwa vali, ilitoa mwaka 2019 mfululizo wa Tone Master unaoiga Deluxe Reverb na Twin Reverb kidijitali kwa takriban nusu ya uzani wa zile za vali.

Kundi la nne ni vifaa vidogo vya kuchomeka katika gitaa na kusikiliza kwa hedifoni, au programu za kompyuta. Hapa amplifaya haina sanduku kabisa.

Faida kubwa ya makundi matatu ya mwisho ni tundu la hedifoni. Mtu hupiga usiku wa manane na mtoto akalala chumba hicho hicho. Pili, sauti yake haibadiliki mno inapopunguzwa. Tatu, nyingi huweza kuunganishwa na simu, ukapiga sambamba na wimbo unaojifunza, au ukajirekodi na kusikia makosa yako. Nne, inayotumia betri haikatizwi umeme unapopotea.

Lakini zina dosari zake. Bodi zake zina vipuri vidogo kama punje za mchele, na fundi wa mtaani aghalabu hawezi kuzirekebisha. Ikiharibika baada ya dhamana kuisha, mara nyingi hutupwa. Aidha, nyingine hutegemea programu ya simu. Siku kampuni itakapoacha kuihudumia programu hiyo, sehemu ya kifaa chako itakufa ilhali wewe ungali hai.

Hayo tisa, kumi ni wingi wa uteuzi. Mwanafunzi anayepewa sauti mia moja huweza kumaliza jioni akizizungusha, asipige hata wimbo mmoja mpaka mwisho.

UNAPIGA MUZIKI GANI?

Swali hili hupuuzwa, nalo ndilo linaloweza kukuokolea pesa nyingi.

Sifa kuu ya amplifaya za vali, za kale au mpya, ni mkwaruzo wake mtamu zinapozidiwa. Sifa hiyo ni ya muziki wa rock na blues. Anayejifunza benga au rumba hahitaji mkwaruzo. Anahitaji sauti safi, kali kiasi, inayotenganisha kila noti, pengine na mwangwi kidogo.

Sauti hiyo hupatikana katika amplifaya ya transista ya bei ya wastani. Mpiga benga anayetumia akiba yake yote kununua vali za mwaka 1962 analipia kitu ambacho muziki wake hautamruhusu kukitumia.

Tukumbuke pia kuwa magwiji kama Mwenda wa Bayeke na George Mukabi walijijengea jina kwa gitaa kavu, lisilochomekwa popote. Ubora wao ulikuwa katika vidole.

UAMUZI

Baada ya kupima haya yote, ushauri wetu ni huu.

Iwapo ndiyo kwanza unaanza, unaishi katika nyumba ya kupanga na akiba yako ni ya mara moja tu, nunua mpya ya transista au ya dijitali yenye tundu la hedifoni. Hakikisha ni ya voliti zetu na kwamba muuzaji anatoa dhamana iliyoandikwa. Ijaribu dukani kwa gitaa lako, kwa sauti ya chini utakayoitumia nyumbani, si kwa sauti ya kumfurahisha muuzaji.

Iwapo unapiga vizuri, una nafasi yako na unatamani mguso wa vali, tazama kwanza mpya ya wati moja hadi tano. Utapata sehemu kubwa ya utamu bila hatari za wiring'i ya miaka 60.

Ya kale iachiwe mtu mwenye masharti manne: awe na fundi wa vali anayemwamini, awe na pesa za ukarabati kando ya bei ya kununulia, awe na mahali pa kuifungulia sauti, na awe na amplifaya nyingine ya kutumia wakati hiyo iko kwa fundi. Likikosekana moja, asubiri.

Na kwa yeyote aliye nayo tayari, iliyorithiwa au iliyonunuliwa, asiichomeke leo. Aipeleke kwanza ikakaguliwe plagi, ardhi, voliti na kapasita. Rahisi ni ghali, na katika umeme gharama yake hailipwi kwa shilingi pekee.

Mpwa wangu aliomboleza kwa wiki mbili. Kisha akaanza tena kuweka akiba, safari hii tukaandamana hadi barabara ya Luthuli jijini Nairobi, tukachagua amplifaya ndogo mpya ya transista, ya wati 10, yenye tundu la hedifoni. Haikuwa na historia wala jina la kujivunia.

Ile ya kale hakuitupa. Fundi mmoja alimwambia kuwa spika na sanduku vilikuwa vizima, na kwamba transfoma inaweza kusukwa upya. Mpwa wangu akaitia chini ya kitanda, kwenye gunia lake lile lile.

"Mjomba," akaniambia, "hiyo itangoja mpaka nijue kupiga."

Mpaka leo sijasikia kauli ya busara zaidi ya hiyo kuhusu amplifaya.